Maswali yenu: nani alibuni "nipigie", simu inayosikiliza TV na kufuli la meseji

Boksi limejaa maswali ya hataza wiki hii. Hataza ndo ile wengi mnaiita pateni, yaani serikali inakupa haki ya kumzuia mtu mwingine asitengeneze wala asiuze ulichobuni, kwa kawaida miaka 20 tangu siku uliyopeleka maombi, na wewe kwa upande wako unakubali kuandika kila kitu wazi, kitu chako kinafanyaje kazi, mtu yeyote akasome. Hayo mawili yashikeni, kuzuia wengine na kuanika siri, maana maswali karibu yote yanazunguka hapo hapo. Nimeyafupisha, wengine mmeandika ndefu kama barua ya posa.

Kaka, habari za kazi. Zamani tukiishiwa vocha tulikuwa tunatuma ile meseji ya bure ya tafadhali nipigie. Nimesikia aliyeibuni kule Afrika Kusini kalipwa hela ndefu. Ni kweli? Na mimi nikitoa wazo kazini nitalipwa? (Mhasibu, Dodoma)

Salama kabisa, na umeuliza kitu ninachokipenda. Kabla ya hiyo meseji tulikuwa na kubipu, si mnakumbuka, unapiga, inaita mara moja, unakata haraka huku roho iko mkononi maana mwenzio akipokea tu shilingi zako za mwisho zimekwenda. Mimi nilikuwa na mjomba anapokea makusudi, anacheka, alafu anakata.

Sasa Novemba 2000 pale Vodacom ya Afrika Kusini kulikuwa na kijana mhasibu mwenzako, Nkosana Makate, alikuwa bado anajifunza kazi, mpenzi wake yuko mbali chuoni na hana vocha. Akaandika wazo lake: mtu asiye na salio aweze kutuma ishara ya bure ili apigiwe. Mkuu wa kitengo cha bidhaa akalipenda, wakakubaliana kwa mdomo kwamba litajaribiwa na likileta faida atapewa mgao, kiasi watakuja kukizungumza baadaye. Hiyo "baadaye" ndo iliyomla kijana wa watu. Huduma ikatoka Machi 2001, ikashika ajabu, na kulipwa hakulipwa.

Akaenda mahakamani 2008, akashindwa 2014, na Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikampa haki. Angalieni sababu sasa, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Hakushinda kwa hataza. Hataza hakuwa nayo kabisa. Alishinda kwa ahadi: mahakama ilisema bosi yule machoni pa mfanyakazi alionekana ana mamlaka ya kuahidi, kwa hiyo ahadi yake inaifunga kampuni. 2019 bosi mkuu wa Vodacom akampangia randi milioni 47, akakataa, kesi zikarudi tena juu, 2024 mahakama ya rufaa ikamuongezea sana, Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu hiyo na kuirudisha ikasikilizwe upya, na Novemba 2025 wakamalizana wenyewe nje ya mahakama. Robo karne kwa meseji ya bure!

Na utamu wenyewe huu hapa: jamaa mwingine, Ari Kahn, alikuwa na kitu hicho hicho upande wa MTN, mtandao wa simu mshindani wa Vodacom, na MTN wao walipeleka maombi ya hataza tarehe 22 Januari 2001, kabla Vodacom hawajatoa huduma yao. Kwa hiyo mawazo mawili yanayofanana, nchi moja, miezi ile ile, mmoja ana karatasi za hataza na mwingine ana ahadi ya bosi. Ukiniuliza mimi nitakwambia Makate alistahili kila senti, maana ukishamwambia mtu utampa basi mpe, ila tusimwite mvumbuzi pekee wa kitu hiki.

Kuhusu wewe, soma mkataba wako wa ajira kwanza, mingi inasema ulichobuni ukiwa kazini ni cha mwajiri. Na kama bosi anakuahidi mgao mwambie akutumie hata baruapepe ya mistari miwili.

Mwanangu hujambo. Kwenye grupu la familia wamefowadi kwamba Facebook wana hataza ya kuwasha maiki ya simu tangazo la TV likipita. Kwa hiyo wanatusikiliza? Nizime simu nikiangalia tamthilia? (Mama, Mbagala)

Shikamoo mama. Maombi hayo yapo kweli, sio uzushi. Yalipelekwa 2016 na yakaonekana hadharani Juni 2018, watu wakashtuka dunia nzima. Wazo lenyewe ni kwamba ndani ya tangazo kunafichwa sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, simu inaisikia, inarekodi kidogo sauti za sebuleni, wanajua nyumba ipi iliangalia. Facebook walijibu kwamba waliomba ili kampuni zingine zisije zikawashambulia kwa kitu hicho, na kwamba hakijatumika kwenye bidhaa yao yoyote.

Najua utasema na wao wangesema nini. Ila jibu lao sio la ajabu kwenye biashara hii mama. Hataza haimruhusu mtu kufanya kitu wala haioneshi kwamba anakifanya, inampa tu nguvu ya kuwazuia wengine. Ni kama mtu anayenunua kiwanja cha pembeni ya nyumba yake sio kwamba anataka kujenga, hataki mtu aje afungue baa. Makampuni makubwa yana viwanja vya hivyo maelfu, vingine majani yameota mpaka leo.

Tamthilia angalia kwa raha zako. Ila ukitaka amani, ingia mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, gusa maiki, utaona orodha ya programu zote zilizoruhusiwa, na usishangae kukuta tochi au mchezo wa mjukuu umo. Toa ruhusa. Alafu jua hili, simu za Android kuanzia toleo la 12 zinaonesha alama ya kijani juu ya kioo maiki ikiwa inatumika, na iPhone kuanzia iOS 14 ni kidoti cha rangi ya chungwa. Kikiwaka na wewe huongei na mtu, hapo sasa niite.

Mwalimu, kama njia ya kufunga meseji imeandikwa wazi kwenye hataza, si mwizi naye ataisoma afungue? (Mwanafunzi, Eldoret)

Ataisoma. Na haitamsaidia. Chukua kufuli la dukani, kila fundi anajua ndani yake kuna nini, analifungua kwa bisibisi mezani anakuonesha, lakini mlango wako haufungui bila ufunguo wako. Siri iko kwenye ufunguo.

Tuifanye kwa namba. Chukua 61 zidisha kwa 53, unapata 3233, hata simu ya batani inafanya. Sasa nikupe 3233 peke yake nikuulize ni namba gani mbili nilizidisha, utahangaika kidogo. Ikiwa namba yenyewe ina tarakimu zaidi ya 600 unahangaika mpaka kaburini na kompyuta zako zote. Hiyo ndo RSA, njia ya kufunga meseji ya Rivest, Shamir na Adleman wa MIT, chuo cha Marekani, 1977. Na hataza yake ina kichekesho: njia yao ilishaelezwa kwenye jarida Agosti 1977 na wao wakapeleka maombi Desemba. Marekani sheria iliwaruhusu, nchi nyingi zingine ukishatangaza kwanza imekula kwako, kwa hiyo mali yao ilikuwa Marekani tu. Watu wa huko wakawa wanaomba leseni kuitumia, sisi wengine wote bure, mpaka Septemba 2000 walipoiachia zikiwa zimebaki wiki mbili tu hataza ife yenyewe.

Kuna Mwingereza pia, Clifford Cocks, aliyepata njia hiyo hiyo 1973 akiwa anafanya kazi kwa majasusi wa nchi yake. Wakaifungia kabatini. Hakuna hataza, hakuna sifa, dunia ikamjua 1997.

WhatsApp yenu haifungi meseji kwa RSA, inatumia njia ya Signal, programu nyingine ya meseji, hesabu zake ni ukoo mwingine, na waliotengeneza waliiweka hadharani. Watumiaji wote walifungiwa meseji zao kwa njia hiyo Aprili 2016.

Hivi SMS ina mwenyewe? Tulilipa hela nyingi sana. (Mdau, Tanga)

Mlilipa mitandao, sio mvumbuzi. SMS ilitoka kwenye vikao vya wahandisi wa Ulaya waliokuwa wanapanga GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi, yule Mfini Matti Makkonen wanayemwita baba wa SMS hakuwahi kuichukulia hataza. Herufi 160 ni za Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliyekaa na taipureta 1985 akahesabu herufi za sentensi za kawaida. Ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, salamu za Krismasi. Kilichokuwa na hataza ni ile T9 ya kubashiri maneno, maana bila hiyo kuandika "habari" kwenye kitochi unabonyeza mara 12, nimehesabu sasa hivi kwa kidole. Yangu haikujua Kiswahili hata kidogo, niliizima.

VPN ni mali ya nani? Na kwa nini Apple walishtakiwa? (Dada, Muscat)

VPN, ile njia ya kupitisha intaneti yako kwenye bomba lililofungwa wengine wasichungulie, kwa ujumla haina mwenyewe, ila kuna namna flani za kuunganisha zenye hataza. Kampuni ya VirnetX iliishtaki Apple 2010 kwamba FaceTime, ile ya kupigiana video, na VPN ya iPhone zinatumia njia zake. 2012 ikashinda dola milioni 368. Apple wakabadilisha FaceTime, simu zilizokuwa zinaunganishwa moja kwa moja kati yako na mwenzio zikaanza kupitia seva za katikati, kwa hiyo kesi ya karatasi kule Texas ikabadilisha njia ya maongezi yako wewe uliyekaa zako Muscat bila kuambiwa. 2020 Apple walilipa dola milioni 454, na hukumu nyingine ya milioni 502 ikafutwa 2023 kwa sababu hataza husika zilikutwa hazikustahili kutolewa. Mambo hayo, wanasheria tu ndo hawakosi.

Mkuu, mimi fundi simu. Nimebuni kifaa cha kuchaji betri za vitochi kwa sola, kinajizima chenyewe betri ikijaa. Nimekiweka statasi watu wamekipenda sana. Nifanyeje nipate hataza? (Fundi, Mwanza)

Hongera fundi, ila nikwambie ukweli, kujizima betri ikijaa kupo siku nyingi, hiyo haikupi kitu. Kama kuna kijanja chako ndani, labda namna ulivyopanga saketi au unavyoshika betri za saizi tofauti, hicho ndo cha kuombea, na hicho tu. Ingia Google Patents, ni bure, tafuta kwa maneno ya Kiingereza, soma jioni mbili tatu. Usipokikuta nenda BRELA, ofisi ya serikali inayotoa hataza Tanzania bara, uliza pia zile hataza ndogo za maboresho, zina masharti nafuu na muda mfupi. Zanzibar wana ofisi yao, Kenya ni KIPI, na ukitaka nchi kadhaa za Afrika kwa maombi mamoja kuna ARIPO, shirika la hataza la nchi hizo, kule Harare. Kumbuka hataza ya bara haimzuii mtu wa Guangzhou kutengeneza na kuuza kwao, inakusaidia akileta hapa.

Yaliyowakuta watu wa RSA kwa kutangaza kabla ya kuomba umeyasoma hapo juu. Ile video kwenye statasi ishushe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma, na ukifika BRELA waambie tarehe uliyoiweka, usifiche.