Kabla ya Kuipenda Picha, Isome Njia

Njia iliyonitesa kuliko zote nilizowahi kupita kwa baiskeli niliichagua kwa sababu ya picha moja ya ziwa. Ziwa lilikuwepo, tena zuri kushinda picha. Ambazo hazikuonekana pichani ni kilomita 11 za mchanga kabla ya kulifikia. Nilikuwa na matairi membamba ya lami, milimita 28. Kwa saa tatu nzima, baiskeli ilinipanda mimi badala ya mimi kuipanda yenyewe.

Tangu siku hiyo mandhari naiangalia mwisho. Kwanza nauliza njia imetandikwa nini, inapanda kiasi gani, na upepo unavuma kutoka wapi.

Kwenye lami tairi la milimita 28 linatosha. Changarawe inataka 40 hivi, na mchanga 50 kwenda juu, tena upunguze upepo ndani ili tairi litandae badala ya kuzama. Ramani ikisema "njia ya baiskeli" haijakuambia lolote kati ya hayo. Mimi hutafuta picha ambazo waendeshaji wamepiga wakitazama chini, si zile za machweo. Uliza pia kuhusu mvua, maana njia ya udongo iliyo ngumu kama saruji wakati wa kiangazi ikilowa hunata hadi magurudumu yanagoma kuzunguka.

Urefu nao ni mdanganyifu. Kilomita 30 zenye jumla ya mita 1,000 za kupanda zitakuchosha kuliko 80 za tambarare. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake unapanda mita 100 katika kila kilomita moja, na hapo mimi hushuka nikakokota, wala sioni haya.

Ndiyo maana anayeanza, na anayetaka milima bila mateso ya milima, mimi humwelekeza kwenye njia za reli za zamani. Treni za mvuke hazikuweza kukwea miinuko mikali, hivyo wahandisi walipasua vilima, wakatoboa mahandaki na kuvusha mabonde kwa madaraja. Leo mataruma yameondolewa, na ile kazi yao yote imekuangukia wewe bure. Otago Central Rail Trail ya New Zealand, kilomita 152, ni ya namna hiyo. Great Allegheny Passage ya Marekani nayo, kati ya Pittsburgh na Cumberland, ina takriban kilomita 240. Beba taa hata kama unasafiri mchana. Ndani ya handaki, jua la nje halikusaidii kitu.

Njia za kando ya mto ni rahisi kuzisoma: fuata maji yanakoelekea. Ndiyo sababu wengi huufuata mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, kushuka hadi Vienna, Austria, zaidi ya kilomita 300. Lakini usidhani utateleza tu bila kunyonga pedali, kwani mto mkubwa hushuka kidogo mno.

Pwani, adui hana umbo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, na alasiri upepo wa baharini huwa umeshapata nguvu. Amka mapema. Kama unakwenda na kurudi kwa njia ile ile, anza kwa kukabiliana na upepo ukiwa bado na miguu, ili urudi ukisukumwa mgongoni. Ukipita kwenye madaraja marefu, kama yale yanayounganisha visiwa kwenye njia ya Shimanami Kaido huko Japani, jihadhari na upepo wa ubavuni.

Milimani watu huogopa kupanda, ilhali mimi huogopa kushuka. Breki ukizishikilia mfululizo hupata moto na kulegea. Zibane kwa nguvu, ziachie, kisha uzibane tena. Na koti libebe hata kama huku chini unatoka jasho, kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na mteremko huongeza baridi yake.

Lile ziwa nililirudia mwaka uliofuata, alfajiri, nikiwa na matairi ya milimita 50. Ule mchanga ulinichukua saa moja na robo. Nilianguka mara mbili.