Shangazi, mgongo unauma, usingizi sina, na pesa ndiyo kabisa

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nakaa Mabatini hapa Mwanza, nakaanga samaki jioni. Mume wangu alikwenda Ukerewe kuvua dagaa. Mbalamwezi tano zimepita hajarudi, na simu yake haipatikani. Mgongo unaniuma, usiku moyo unanienda mbio, nalia bila sababu. Silali, nabaki nahesabu misumari ya bati. Jirani ananishauri nichukue mkopo wa kikoba ninunue virutubisho vya shilingi 85,000. Mwingine anasema nijiunge na jimu. Kwaya nimeacha, naona aibu kuulizwa. Asiye na pesa anaitunzaje afya yake?"
Mama Wawili, Mabatini

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Umeandika kwamba unalia bila sababu. Sababu umeitaja mwenyewe: mbalamwezi tano. Nitairudia hiyo, lakini kwanza nikuzuie mlangoni mwa kikoba.

Usikope. Mtu anayekuuzia chupa moja itibu mgongo, presha na usingizi, huyo anakuuzia maneno. Na marejesho ya kila wiki yatakunyang'anya hata hizo saa chache unazosinzia. Nikuulize jambo moja: wewe unayekaanga sato, ukirudi nyumbani unakula nini? Nimewajua wakaangaji wengi ambao samaki wote huishia kwa wateja, wao wakalala na ugali na chai. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anakupa protini na madini ya kujenga mifupa, na hilo ndilo unaloahidiwa kwenye chupa. Toa fungu lako na la watoto kabla hujaanza kuuza. Ukisubiri yatakayobaki, hayatabaki.

Jimu nayo iache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 hivi kila wiki, angalau kwa mwendo wa haraka. Wewe unayepanda majabali ya Mabatini na maji kichwani, dakika hizo unazimaliza mapema. Ushauri wa "fanya mazoezi" anapewa anayeshinda kwenye kiti. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Mgongo wako unadai kupunguziwa mzigo. Beba nusu, urudi mara ya pili, na mtoto mkubwa ashike kidumu cha lita 5. Jiko usiliweke chini ukaliinamia saa nne mfululizo. Liinue juu ya mawe yaliyokaa imara, ukaange umesimama wima au umekaa kwenye stuli, na ulipange upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na uso wako. Kabla ya kulala, jilaze chali kwenye mkeka, kunja goti moja ulivute taratibu kifuani, kisha lingine. Kama mguu unakufa ganzi au mkojo unakutoka bila kutaka, hilo si la mkeka tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuna watakaokwambia ziwa ni jimu ya bure, ingia uogelee. Maji ya kina kifupi, penye majani na konokono, yana kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Tembea ufukweni ukiwa mkavu, jioni moja kwa wiki ambayo hukaangi, bila beseni wala ndoo. Kutembea mikono mitupu umekusahau, nadhani.

Sasa usiku. Chai ya majani ya jioni iache. Madeni na ada za watoto usiyapeleke kitandani: mchana, mafuta yakipata moto, chukua daftari la mtoto uandike unadaiwa nini na lipi linaanza. Mawazo yakishaandikwa hayakuamshi sana. Na simu usiipige usiku wa manane. Kila ukisikia "haipatikani" moyo unaanza mbio upya, na hapo ndipo unapoishia kwenye misumari.

Hata hivyo nenda zahanati ukapimwe presha, maana moyo kudunda si lazima iwe mawazo. Vipimo vikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji kufuatiliwa. Waambie pia kuhusu kulia na kukosa usingizi, usitaje mgongo peke yake. Ukikwama kwenye gharama, muone afisa ustawi wa jamii, yeye ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa wasio na uwezo. Na ikiwa kuna siku umewaza kwamba ni afadhali ufe, tafadhali usikae na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Gonga mlango wa jirani, mwambie kwa maneno hayohayo, akusindikize hospitali. Bugando wana madaktari wa magonjwa ya akili, na kwenda kwao si wazimu.

Nirudi kwenye mbalamwezi. Wewe ni mke wa mvuvi wa dagaa, unajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti dagaa, wanaanika nyavu na kupumzika. Mara tano wenzake wamepumzika, na wewe umejifungia ndani ukingoja. Naamini kutojua ndiko kunakokuumiza kuliko mgongo. Mialo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ina BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi hapo, na viongozi wake wanajua wavuvi walioko kambini. Andika karatasi: jina lake, mwalo aliokwambia anakwenda, jina la tajiri wa mtumbwi kama unalikumbuka. Mpe mtu unayemwamini anayepanda meli ya Nansio, aifikishe kwa viongozi wa BMU wa mwalo huo. Panga ifike mwezi ukiwa umejaa, wakati watu wako nchi kavu na wana nafasi ya kuulizana.

Jibu linaweza kuwa simu iliyozama majini. Linaweza kuwa mke mwingine, au jambo zito zaidi, sitakuficha. Ukilipata usilipokee peke yako, na kama ni kutelekezwa, matunzo ya watoto ni haki yao. Huyohuyo afisa ustawi ndiye wa kuanza naye.

Ndiyo maana nataka urudi kwaya kabla karatasi haijajibiwa. Wakikuuliza mume yuko wapi, sema, "Yuko Ukerewe, sina habari zake, naomba mnisaidie kuuliza." Huenda mmoja wao ana kaka Ukara au Nansio. Jumamosi hii nenda, hata ukikaa mstari wa nyuma bila kufungua mdomo.