Kiwango cha Dawa ya Shaba Katika Matangi ya Duka

SWALI: Ninasimamia duka la samaki wa mapambo wa maji chumvi. Matangi yetu yote ya samaki yanatumia maji mamoja yanayozunguka katika mfumo wa lita 1,000, na humo tunatia dawa ya shaba ili kuzuia ugonjwa wa madoa meupe. Tatizo ni kwamba kila tukipima tunakuta kiwango kimeshuka. Baadhi ya wenzangu wanashauri tukiache chini siku zote ili samaki wasisumbuke. Je, ushauri huo ni sahihi?

JIBU: La, ushauri huo si sahihi, na ningekuomba uuache leo hii. Kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hakiuawi na shaba kinapokuwa kimejichimbia katika ngozi ya samaki, wala kinapojifungia katika gamba lake chini ya tangi; huuawa katika kile kipindi kifupi tu ambapo watoto wake wanaogelea majini wakitafuta samaki wa kumshika. Kiwango kikiwa nusu ya kinachotakiwa, madoa hupungua na samaki huonekana mzima, lakini baadhi ya vimelea hupenya, na mnunuzi huondoka navyo hadi kwenye tangi lake. Kwangu mimi huko si kumhurumia samaki. Ni kumsogezea mtu mwingine ugonjwa.

Kwanza soma lebo ujue una shaba ya aina gani. Salfeti ya shaba ya kawaida hufanya kazi katika miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ilhali shaba iliyofungwa na kemikali nyingine ili isipotee haraka kwa kawaida huhitaji miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa lita. Anayechanganya vipimo hivi viwili ama hatibu chochote, ama anaua samaki wote. Kifaa cha kupimia nacho lazima kiwe cha kusoma aina ya shaba uliyo nayo na kufika kiwango unachokitaka.

Sasa tuangalie shaba yako inakokwenda. Mchanga na mawe ya matumbawe huinyonya, na mkaa wa kuchujia huiondoa, kwa hiyo vitu hivyo visiwemo katika mfumo unaotibiwa. Lakini katika duka chanzo kikubwa zaidi ni maji yenyewe: kila samaki anayeuzwa huondoka na maji yenye dawa, na kila mnapobadilisha maji mnaingiza mapya yasiyo nayo. Tuseme mnashikilia miligramu 2.0 kwa lita, yaani miligramu 2,000 katika mfumo mzima. Mkitoa lita 200 na kujaza maji mapya matupu, kiwango hushuka hadi 1.6, na pengo ni miligramu 400. Kiasi hicho kitiwe katika pipa la maji mapya na kukorogwa vizuri kabla maji hayajaingia kwenye mfumo, badala ya kumiminwa tangini baadaye. Maji yaliyopungua kwa mvuke ni jambo jingine, kwa kuwa shaba na chumvi hubaki. Hayo hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi pekee, bila dawa.

Pimeni kila siku, na matokeo yaandikwe daftarini pamoja na kiasi cha maji yaliyobadilishwa. Ikiwa mnatumia kipimo cha kidijitali, kichupa cha sampuli kipanguswe kikavu kabla ya kusomwa, kwani alama za vidole na viputo vya hewa hupotosha namba, na mtu akaongeza dawa isiyohitajika. Samaki anayepumua haraka na kukataa chakula baada ya dozi anaweza kuwa amezidishiwa. Pimeni kwanza, na ikithibitika, badilisheni sehemu ya maji kwa maji safi ya chumvi.

Samaki wapya wasitupwe moja kwa moja katika kiwango kamili. Wawekeni katika tangi la mapokezi na kupandisha shaba polepole kwa siku kadhaa, kisha waingie katika mfumo. Wengi hutibu kwa siku 30 mfululizo, na siku hizo huhesabiwa kwa kila samaki, si kwa tangi: aliyeingia jana anaanza jana, hata kama mfumo umekuwa na dawa mwaka mzima. Jihadharini pia na dawa za kuondoa amonia, kwa sababu baadhi yake hubadilisha shaba ikawa sumu kali zaidi.

SWALI: Je, tunaweza kuuza matumbawe na kamba kutoka katika mfumo huohuo?

JIBU: Hapana. Shaba huua matumbawe, kamba, kaa na konokono hata ikiwa kidogo sana, na papa na taa nao hawaivumilii. Wanahitaji mfumo wao, pamoja na nyavu, ndoo na mipira ya maji isiyovuka upande wa pili. Mawe yaliyowahi kukaa katika maji yenye shaba yasihamishiwe huko, kwa kuwa huendelea kuiachia taratibu.