Kuvunja mawe magumu kwa nyundo kabla ya kuyang'arisha

Kwa aliyeuliza kama ayachome moto mawe yake ya akiki kisha ayamwagie maji ili yavunjike: usifanye hivyo. Yatavunjika kweli, lakini yatabaki na nyufa ndogo ndogo ndani, na yatamegeka tena yakiwa kwenye pipa la kung'arishia, yaani pipa linalozunguka na kusugua mawe hadi yang'ae. Vipande hivyo huchuna vingine.

Tumia nyundo nzito ya kilo 1.5 hadi 2. Nyundo ya misumari iache, uso wake unaweza kumeguka na chembe ya chuma ikaruka. Lazima uvae miwani ya kukinga macho. Weka jiwe juu ya chuma kinene, si juu ya mbao, maana mbao hunyonya nguvu ya pigo. Lifunike kwa gunia lililoloweshwa: huzuia vipande kuruka na hupunguza vumbi la silika, ambalo huharibu mapafu. Tafuta mstari wa ufa, piga hapo hapo, pigo moja la nguvu.

Chagua vipande vya sentimita 1 hadi 4. Vyembamba vyenye makali kama wembe, tupa.

Jiwe la jedi (jade) ni habari nyingine kabisa. Nyuzi zake zimesukana, nyundo hudunda tu. Hiyo ikate kwa msumeno wa almasi.