Ghuba ya Nyangumi: iligunduliwa au ilivumbuliwa?

Msomaji anayetafsiri makala ya jiografia ya Antaktika ametuandikia akiuliza kama sentensi yake, "Hori ya Nyangumi ilivumbuliwa na Ernest Shackleton mwaka 1908", ni sahihi, au kama "ghuba" na "iligunduliwa" yangefaa zaidi.

Kitenzi kwanza, kwa kuwa hicho hakina utata mwingi. Wapo wanaotumia "vumbua" kwa kukuta kisichojulikana na pia kwa kubuni kisichokuwapo, na siwezi kusema wamekosea. Lakini kwa kuwa siku hizi neno "uvumbuzi" humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mitambo na dawa mpya, mahali palipokuwapo kabla ya mtu kufika ni afadhali paelezwe kwa "gundua". Kwa hoja iyo hiyo nisingemwita Shackleton, msafiri wa Antaktika, "mpelelezi", ingawa vitabu vya historia vya shuleni viliwaita hivyo wasafiri wa aina yake, kwani msomaji wa leo atadhani alikuwa askari kanzu.

Kuhusu nomino, ukanda wetu wa pwani unatusaidia: twasema Ghuba ya Msasani, ambako bahari imeingia kwa upana, lakini Mtwapa, ambako maji yamepenya ndani kwa wembamba, ni hori. Tofauti hii ndiyo inayohitajika hapa. Mahali tunapopazungumzia palikuwa kwenye ukingo wa bamba la barafu la Ross huko Antaktika, na ukingo wa bamba hilo, ambalo huelea baharini na humeguka mara kwa mara, si ufuo wa kudumu. Wasafiri wawili walimtangulia Shackleton: Carsten Borchgrevink aliposhuka hapo mwaka 1900, na Robert Scott alipopanda juu kwa puto karibu na hapo mwaka 1902, kila mmoja aliona mwanya tu katika ukuta wa barafu, yaani hori. Shackleton alipofika Januari 1908 alikuta ukingo umemeguka na nafasi imekuwa pana, imejaa nyangumi, ndipo akaipa jina hilo. Kwa hiyo andika "ghuba", na ukitaka kuwatendea haki waliotangulia, andika kwamba Shackleton "aliikuta na kuipa jina", maneno ambayo hayamnyimi mtu sifa yake.

Shackleton mwenyewe aliogopa kupiga kambi juu ya barafu iliyobadilika kiasi hicho, akaenda zake Ghuba ya McMurdo. Roald Amundsen, msafiri wa Norwei, alikuwa na maoni tofauti: alifika na meli ya Fram Januari 1911, akajenga kambi ya Framheim, na kutoka hapo akafika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba mwaka huo.

Msomaji hakuuliza kuhusu njeo, yaani wakati wa kitenzi, lakini katika aya yake ya pili ameandika kwamba ghuba hiyo "iko" kaskazini ya Kisiwa cha Roosevelt, na hapo ndipo penye kosa halisi. Kisiwa hicho, kilichofunikwa na barafu, ndicho kilichogawa mwendo wa barafu na kuifanya ghuba iwepo. Kipo hadi leo. Ghuba yenyewe ilitoweka mwaka 1987, pale kipande cha barafu chenye urefu wa takriban kilomita 150 kilipomeguka na kuondoka nayo. Aandike "ilikuwa".