Salim alifanya Addis Ababa kazi ambayo New York wasingemwachia aifanye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kama Salim Ahmed Salim angeupata Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, je, Afrika ingenufaika zaidi? Mimi ni mwalimu wa historia hapa Arusha, na jibu langu ni hapana.

Habari ya 1981 nitaipitia haraka, maana wengi watawaandikia hiyo. Kijana wa Zanzibar, balozi nchini Misri akiwa na miaka 22, mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, New York, kwa miaka kumi, Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979. Aliipigania China ikakalia kiti chake katika Umoja wa Mataifa mwaka 1971, na Marekani haikulisahau hilo. Uchaguzi ulipofika, Marekani ilimwekea kura ya turufu duru baada ya duru, huku China nayo ikimzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, hadi akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Iliuma, na ilistahili kuuma.

Lakini kitazameni kiti chenyewe. Katibu Mkuu hana jeshi lake. Kila kikosi cha kulinda amani lazima akiombee kibali Baraza la Usalama, na humo angewakuta walewale waliomkataa.

Mwaka 1989 Salim akachaguliwa kuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wenye makao Addis Ababa. Mkataba wake wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama, na watawala wengi walijificha humo huku raia wao wakiuawa. Salim aliwaambia marais, uso kwa uso, kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Juni 1993, jijini Cairo, wakakubali kuunda chombo cha kuzuia na kutatua migogoro, hata ile ya ndani ya nchi moja.

Wakati huo mazungumzo ya amani kati ya serikali ya Rwanda na waasi wa RPF yalikuwa yanaendelea hapa Arusha, OAU ikiwamo, na kikundi chake kidogo cha waangalizi wa kijeshi kilikuwa Rwanda. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba ukasainiwa hapa mjini.

Siwezi kumsifu Salim nikairuka 1994. Tarehe 6 Aprili Rais Habyarimana wa Rwanda alikuwa anarudi kutoka kikao cha Dar es Salaam, ndege yake ikatunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Wanafunzi huniuliza: mkataba wetu ulikuwa na kasoro gani? Nawaambia kwamba kwenye karatasi kulikuwa na kugawana madaraka, kuunganisha majeshi na wakimbizi kurudi kwao. Ila wapo waliokusudia kuuvunja, na hapakuwa na nguvu ya kuwazuia. Watu wakiwa wanachinjwa, Baraza la Usalama liliamua tarehe 21 Aprili kupunguza kikosi chake cha kulinda amani nchini Rwanda hadi watu 270 hivi. OAU nayo haikuwa na jeshi la kupeleka. Watoto wetu waliokulia Arusha wakaizoea mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda pale AICC, kituo chetu cha mikutano, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, na wengi hawajui kwamba kabla ya kesi kulikuwa na mkataba.

Kinachonifanya nimheshimu Salim ni kwamba taasisi yake haikulifunika jambo hilo. OAU iliunda jopo chini ya Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana, na taarifa yake ya Julai 2000 ilitaja waliozembea, OAU yenyewe ikiwa miongoni mwao. Mwezi huohuo, mjini Lomé, marais walipitisha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika. Ibara ya 4(h) inaupa Umoja haki ya kuingilia kati nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hakuifanya peke yake, na utekelezaji wake bado ni dhaifu mno. Lakini kutoka katazo la 1963 hadi ibara hiyo ni safari ndefu, na sehemu kubwa yake ilipita mikononi mwake.

Alipoondoka OAU mwaka 2001 angeweza kupumzika. Akakubali upatanishi wa vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan, kazi ngumu isiyo na shukrani. Mkataba wa Abuja wa Mei 2006 ulisainiwa na kundi moja tu kubwa la waasi, na vita vikaendelea.

Darasani kwangu kura za 1981 huzimaliza kwa dakika chache. Ibara ya nne ya Lomé tunaisoma yote, kwa sauti, kisha wanafunzi wanabishana kuhusu Rwanda.