Phi Beta Kappa ilikuwa ya siri kweli

Ndugu, umeuliza kama Phi Beta Kappa, chama cha wanafunzi wa vyuo vya Marekani, ni cha siri au cha heshima ya masomo. Kilianza kwa siri. Desemba 5, 1776, wanafunzi watano wa Chuo cha William & Mary, Virginia, walikiunda wakiwa na kiapo, namna yao ya kupeana mkono, na nishani ya fedha yenye herufi tatu za Kigiriki: kifupi cha maneno yasemayo kupenda hekima ndiko kunakoongoza maisha. Siri zile ziliachwa mwaka 1831 kule Harvard, wakati Wamarekani wengi walipowachukia Frimasoni na vyama vya aina hiyo. Walioziacha walifanya vyema sana! Wanawake wa kwanza waliingia 1875, Chuo Kikuu cha Vermont.